Walitupatia Damu Yao, Tukanyamaza: Kumuaga Sista Raili Honkavaara

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, muuguzi wetu, Sista Raili Honkavaara, anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na mitatu katika Kituo cha Utafiti wa Afya cha Lehtojärvi. Uongozi uliniomba, mimi wa maabara, niandikie jarida letu nusu ukurasa wa kuchangamsha, na nisichokonoe mambo ya zamani. Kuchangamsha nitachangamsha. Lakini nusu ukurasa hautoshi, na hayo mambo ya zamani ndiyo kazi yake yenyewe. Nikiyaruka nitakuwa namuaga mtu mwingine.

Raili alianza na lile gari la buluu lenye hita mbovu, akizunguka vijiji vya wilaya hii na kuwatoa watu damu katika kumbi za shule. Wakati huo kila ukoo hapa ulikuwa na mwanamume wake aliyeanguka ghafla na kufa kabla ya kufika hamsini: msituni, juu ya barafu ya ziwa, ndani ya sauna akioga mvuke. Baba yake Raili alianguka akipasua kuni, Raili akiwa bado yuko shule ya msingi. Kwa hiyo watafiti walipokuja kuomba damu, vipimo vya moyo na habari za ukoo, watu hawakuuliza watapata nini. Walikuja tu. Walikuja na njaa, maana sharti lilikuwa kutokula tangu jioni, wakapanga foleni kwenye theluji, na shukrani yao ikawa kikombe cha kahawa na mkate mtamu wa iliki.

Vichekesho vya miaka ile havikwisha. Kuna mwindaji wa dubu, jina namhifadhia, aliyeona sindano akazimia. Raili alimdaka kwa mkanda wa suruali, akamlaza sakafuni, akamalizia kumtoa damu hapohapo. Kuna Bibi Hilja, aliyekuja kila awamu na kahawa yake kwenye chupa ya chai kwa sababu yetu, kwa maneno yake, ilikuwa maji ya kusuuzia kikombe. Raili hakumtetea mwajiri wake hata kidogo. Alisogeza kikombe chake naye akamiminiwa.

Kipaji chake kikubwa kilikuwa kungoja. Watu wetu mnawajua. Mtu wa hapa anakaa, anakoroga kahawa, anatazama dirisha, anasema theluji imechelewa mwaka huu, na lile lililomleta analisema akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Raili hakuwahi kuinuka kabla ya mgeni. Wauguzi vijana walinung'unika kwamba foleni haisogei. Aliwajibu kwamba kumchoma mtu sindano ni dakika moja, kumsikiliza ndiyo kazi.

Sasa nafika kwa Ilpo Räsälä, na wasiotaka kusikia wafungue ukurasa wa mapishi.

Ilpo alikuwa dereva wa lori la magogo. Siku aliyotoa damu alimtania Raili: "Itunzeni vizuri hiyo, Sista, ni mali safi. Leo Jumatatu, haina hata tone la bia." Alifariki akiwa na miaka arobaini na moja, ndani ya lori lake kwenye uwanja wa kiwanda cha mbao, injini ikiunguruma. Hospitali ilipouliza kama sisi tunazo habari zake zozote, ikaonekana tunazo. Tulikuwa nazo kwa miaka miwili. Maabara yetu, ghorofa ya pili, jengo hilihili, ilikuwa imesoma katika damu yake ile kasoro ya mapigo ya moyo inayorithiwa. Ilisomwa kwa namba badala ya jina, ndiyo. Lakini namba ilikuwa na jina, na jina lilikuwa na simu. Kanuni ya utafiti ilisema mshiriki haambiwi kitu, basi hakuna aliyepiga simu hiyo. Na ugonjwa huu una dawa, jamani! Una dawa, na dawa isipotosha kuna kifaa cha kuwekwa kifuani. Naandika haya miaka mingi baadaye na bado nina hasira.

Wiki chache baada ya mazishi alikuja Marjut, dada yake Ilpo, kwa miadi yake ya kawaida. Alitoa damu. Alikaa mezani kwa Raili mpaka kahawa ikapoa. Kisha akauliza, "Mlikuwa mnajua?"

Sote tulikuwa tumeagizwa kujibu kwamba kituo hakizungumzii matokeo ya mtu mmojammoja. Raili alimwambia, "Tulikuwa tunajua. Mimi sikuambiwa, lakini kituo kilijua." Halafu akampeleka Marjut mpaka kwenye gari lake, akarudi, akapanda ngazi hadi ofisi ya mkurugenzi wa wakati huo, Dokta Segerholm. Mlango haukufungwa, kwa hiyo sisi wa maabara hatukuhitaji umbea kuyajua yaliyosemwa.

"Hawakuomba kuambiwa," alisema Dokta. "Miaka yote hii hakuna hata mshiriki mmoja aliyeuliza. Watu hawa hawataki kujua, na lazima tuheshimu hilo."

"Hawakuuliza?" Sauti ya Raili ilifika mpaka chumba cha chai. "Wewe uliwahi lini kumsikia mtu wa hapa akiuliza kitu? Hapa nyumba ikiungua mwenye nyumba anasubiri aulizwe kama anasikia harufu! Wamewapa damu zao, wamewapa mababu zao mpaka wa saba, na nyinyi mmeshindwa kuwapa swali moja!"

Alipewa onyo. Kisha akahamishiwa chini, kwenye majokofu, kupanga mirija ya damu. Muuguzi ambaye nusu ya wilaya hii haikubali kuchomwa na mkono mwingine, anapanga mirija! Washiriki wakawa wanafika, wanamuulizia, wanaambiwa yuko kazi nyingine, wanavaa kofia zao na kuondoka bila neno. Takwimu za mahudhurio zikaporomoka. Ndipo uongozi ukakumbuka kuitisha mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto, na Raili akaruhusiwa kutoka kwenye majokofu, ili agawe kahawa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Dokta Segerholm alieleza manufaa ya utafiti, akaonyesha michoro, akakaribisha maswali. Kimya. Akatabasamu, akangoja kidogo. Kimya. Akaanza kukusanya karatasi zake na kusema kwamba inavyoonekana hakuna maswali, anawashukuru wote kwa imani yao.

Raili alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. "Kaa chini, Dokta," alisema. "Bado hawajaanza."

Akapita na birika, safu kwa safu, bila haraka yoyote, huku mkurugenzi mzima amekaa kama mtoto aliyezuiwa baada ya shule. Nilisikia vijiko tu. Kisha Marjut akasimama. Alikuwa anaitazama sakafu. "Mimi nina watoto wawili," alisema. "Kile alichokuwa nacho kaka yangu, mimi ninacho au sina?" Na akabaki amesimama. Nyuma yake akasimama mzee mmoja aliyezika wanawe. Akasimama yule mwindaji wa dubu. Tulitoka ukumbini saa tatu baadaye, na kwa mtu wa Lehtojärvi hayo ni maneno ya mwaka mzima.

Leo kila mshiriki anaulizwa, ana kwa ana: tukikuta jambo linaloweza kutibiwa, ungependa kuambiwa? Lakini kubadili kanuni hiyo kulichukua miaka miwili mingine ya vikao, kamati na vikao vya kuitisha kamati. Waliozikwa katika miaka hiyo sitawataja. Jamaa zao wanasoma jarida hili. Marjut aliambiwa. Ana kifaa chini ya mfupa wa mtulinga, anaendesha gari la kuwapeleka watoto shule, na binti yake mkubwa anameza kidonge kila asubuhi na kucheza mpira wa magongo kwenye barafu vizuri kuliko wavulana.

Sasa mnifafanulie kitu kimoja. Kile kijitabu chetu cha mwaka jana, cha karatasi za kung'aa, kinasema kwamba "uongozi wenye maono" ndio ulioanzisha utaratibu wa kuwarudishia washiriki matokeo. Maono! Jina la Raili halimo. Picha yake haimo. Picha ya jokofu imo, tena ukurasa mzima. Nawaomba wahusika wasahihishe kabla ya toleo lijalo, na wasisubiri niwakumbushe.

Limebaki jambo moja, nami naliandika kwa ruhusa yake. Raili naye ni mshiriki, tangu siku za gari la buluu. Zamu yake ya kuulizwa ilipofika alijibu hapana, hataki kuambiwa. Nilipandwa na hasira, sifichi. Nilimfuata mpaka maegesho nikamfokea: wewe? Wewe uliyetupigania wote, wewe uliyemzika baba yako kwa maradhi hayahaya? Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Sikupigania watu wajue. Nilipigania waulizwe. Mimi nimeulizwa, nimejibu." Akapandisha zipu ya koti, akaenda zake nyumbani.

Raili, kila asubuhi napita mbele ya jokofu lenye damu yako. Hakuna aliyefungua jina lililo nyuma ya namba yako, wala hakuna atakayelifungua, mimi nikiwa wa kwanza kutolifungua, ingawa kuna siku mkono unaniwasha. Ukibadili mawazo, hata iwe baada ya miaka ishirini, piga simu, tutapokea. Usipobadili, hatutakuuliza tena. Asante kwa yote uliyotufanyia, na kwa yale uliyotuzuia kufanya. Tunakuombea uzee mrefu, Sista wetu, ule ambao baba yako na kaka zake wote hawakuupata.