Dawa Zisikatike: Risala ya Wenye Kisukari wa Gisenyi

Mgeni rasmi, Daktari Mutabazi, viongozi wa mji, wauguzi wetu, ndugu na majirani:

Kila Jumanne saa moja asubuhi, kabla hatujatia chochote tumboni, sisi wenye kisukari hukaa kwenye ukuta wa mawe meusi nyuma ya kituo hiki cha afya, kila mtu na kikombe chake cha maji. Muuguzi wetu, Nyirahabimana, hutoka na kopo la vidonge vya kushusha sukari. Huita jina, huhesabu vidonge vya wiki nzima, na cha kwanza tunakimeza palepale mbele yake. Jumanne moja ya Agosti mwaka jana aliita, "Karenzi!" Karenzi akasimama na kikombe chake. Muuguzi akafungua kopo, akatazama ndani, akalifunga. Hakuita jina jingine.

Tumeanza na asubuhi hiyo kwa sababu karibu yote tutakayokueleza leo yametoka humo.

MAKARIBISHO

Karibu Gisenyi. Barabara ya kutoka Kigali tunaijua, na tunajua wapo waliokushauri usije. Umekuja, tena na mashine ndogo ya kupima sukari kwa tone la damu. Hadi leo tumepimwa kwa mkojo mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote tumejipima wenyewe kwa kiu na kwa idadi ya safari za chooni. Tunakushukuru kwa moyo wote.

HISTORIA

Kikundi chetu kinaitwa Dukomere, yaani "tuwe imara". Kilianza mwaka 1997 na watu saba. Leo tuko thelathini na mmoja: wakulima wa Kanzenze, wafanyabiashara wanaovuka kwenda Goma, wake wa askari, waliorudi kutoka Uganda na Tanzania, Wakristo na Waislamu.

Kilichotukutanisha ni kukonda. Siku hizi mtu akikonda, mtaani wanajua la kusema juu yake. Béata, muuza samaki, alikimbiwa na wateja wote kabla hajajua anaumwa nini. Alipoambiwa ni sukari alimjia juu muuguzi: "Sukari? Mi hata chai nakunywaka bila sukari!"

MATATIZO

Dawa zilikatika kwa wiki saba. Barabara haikuwa salama, na upande wa Goma vita vilikuwa vimeanza. Saidati, mwenzetu anayeuza nyanya ng'ambo, alizoea kutununulia vidonge huko. Safari hii alikuta maduka ya dawa yamefungwa.

Basi tukafanya kama tulivyolelewa: tukagawana. Aliyekuwa na vidonge kumi nyumbani alitoa saba. Tulivikata kwa wembe, nusu, kisha robo. Hakuna aliyelala akijiona mchoyo, na hakuna aliyepata dawa ya kumtosha.

Aliyetoa kuliko wote ni fundi Juvénal, mshonaji wa nguo. Sukari yake ikapanda, na mguu wake wa kushoto, uliokuwa ukimsumbua siku nyingi, ukafa ganzi. "Natembea kama mutu anakanyaga pamba," alituambia.

Hapo ndipo tulipokosea, na hatutaki kosa hili liandikwe kwa jina la mtu mmoja. Hapa kwetu mguu mgonjwa hupelekwa Nyamyumba, kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini kando ya ziwa. Wazazi wetu walifanya hivyo, na wengi walirudi wakitembea vizuri. Tulimpeleka Juvénal sisi wenyewe, watu tisa, huku tukiimba. Tulimkalisha ukingoni, tukautia mguu huo pale maji yanapotokea, mahali ambapo sisi tulishindwa kutia hata kidole.

"Iko baridi," Juvénal akasema. "Munaogopa nini?"

"Fundi ni mwanaume!" Karenzi akapaza sauti, nasi tukapiga makofi.

"Bon, muniletee sabuni basi, nioge kabisa!"

Tulicheka. Alikaa pale muda wa kuivisha sufuria ya viazi. Jioni alipovua soksi, ngozi ya mguu wa kushoto ilitoka nayo. Hakusikia maumivu. Hatukujua, hata mmoja wetu, kwamba sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huua hisia za miguu. Kidonda hakikufunga kwa sababu sukari haikushuka, na sukari haikushuka kwa sababu dawa hazikuwepo. Wiki ya saba dawa zilifika. Mguu ulikuwa umekatwa siku nne kabla.

Juvénal yuko hapa, mstari wa mbele. Kitambaa kilichotandikwa kwenye meza yako ni kazi yake. Anashona kwa cherehani cha kukanyaga, kwa mguu mmoja uliobaki. Vidole viwili vya mguu huo navyo vimeanza kufa ganzi.

MAFANIKIO

Tangu hapo, kila Jumanne baada ya kumeza dawa tunavua viatu. Kila mtu anakagua miguu ya aliyekaa kulia kwake: nyayo, kucha, katikati ya vidole. Hakuna anayechagua jirani. Mgeni rasmi, unaujua mkoa huu na miaka uliyopitia. Kumpa mtu mguu wako aushike, wakati hujui alikuwa wapi miaka ile, naye hajui wewe ulikuwa wapi, kulikuwa kugumu kuliko sindano. Mwezi wa kwanza wengi walisingizia mafua wakabaki nyumbani. Siku hizi wanakuja. Tangu Januari tumeona vidonda vitano vingali vidogo, na vyote vimepona.

Tumejifunza pia kutogawana vidonge. Hili linatuuma bado, maana kumnyima mwenzako si malezi yetu.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba mabenchi mawili, kwa kuwa mawe ya ukuta ni baridi na miongoni mwetu wamo wazee.

Pili, tunaomba vipande vya kupimia vya mashine hii, visiishe mapema.

Ombi la tatu tuliliandika mara nne. Mwenyekiti wetu, Mzee Gakwaya, alitaka tuseme: "Tunaomba dawa zikumbukwe kadiri hali itakavyoruhusu."

"Hali gani, Mzee?" Saidati akauliza. "Hali iliruhusu nini, siku gani?"

"Mama, mgeni haambiwi kwamba chungu ni kitupu. Anapewa kiti, anapewa cha kunywa. Tukilala njaa, hiyo ni siri ya nyumba."

"Hata kama mugeni ndiye mwenye kuleta chakula?"

Juvénal akamgeukia katibu aliyeshika kalamu.

"Dada, andika vile iko. Benchi mi sitaki, nitakaa hata chini. Lakini mguu ya tatu sina."

Mzee Gakwaya akasema, "Andika, binti yangu. Ila iweke mwisho kabisa, mgeni awe ameshakunywa."

Tumemtii. Kwa hiyo tunatanguliza dua. Mungu akupe afya, wewe na nyumba yako. Mikono yako isichoke kutibu, na barabara ikurudishe salama kwa watoto wako. Waislamu wetu wanasema amin, na Wakristo wetu wanasema amina.

Sasa tunasema. Vidonge vilivyobaki katika kituo hiki ni vya siku kumi na tisa. Mashine uliyotuletea itatuonyesha vizuri jinsi sukari inavyopanda siku ya ishirini, lakini haitaishusha. Mgeni rasmi, tunakuomba usipande gari kabla hujatuambia, hapa mbele ya Juvénal, vidonge vya siku ya ishirini vitatoka wapi, na nani atavileta.

Ni sisi,
Wanachama wa Dukomere,
Gisenyi, Mei 1999

Imesomwa kwa niaba yao na Keza Mukashyaka, katibu