Frigo Haitupwi

Ukishuka Kamalondo, mtaa wetu, pale cherehani ya Anaclet inapogonga mchana kutwa kando ya ukuta wa baa iliyofungwa, utakuta benchi la ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Mbele yake hukaa Mama Sephora na termosi ya kawa, yaani kahawa, sahani ya karanga, na macho yasiyosahau kikombe cha mtu. Hapo ndipo mtaa hutengenezwa kwa maneno kila asubuhi, kisha ukaachwa kama ulivyo. Siku hiyo ilikuwa ya kiangazi, vumbi jekundu limefika hadi kwenye kope, na Zéphirin alivuka barabara kutoka kwake akiwa ameshika kichwa. Sisi humwita Depo, kwa sababu kitu kikikosa pa kukaa mtaani, hukaa kwake. Mkewe, Wivine, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, na mama yake Wivine, Mama Chisanga, alikuwa njiani kutoka Kasenga kuja kumtunza mzazi. Na desturi ya buko, yaani heshima ya wakwe, haina mchezo: mwanamume halali chumba kimoja na mama wa mkewe, hapiti alipolala, hamtazami usoni, hasemi naye mdomo kwa mdomo. Lazima mama huyo apate chumba chake. Depo anacho, cha nyuma. Shida ni kwamba mlango wake ulikuwa haufunguki tena kwa vitu vilivyojaa nyuma yake.

— Anafika leo, akasema Depo. Na Wivine amesema, kama mama yake hana fasi ya kulala, anabeba mutoto, banarudia wote Kasenga. Mutoto hata sura yangu hajaizoea.

— Njo bahati yake, akasema Vitesse.

Huyu Vitesse ni Fils, dereva wa teksi. Jina la mwendo kasi tulimpa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha kitu. Abiria wake wengine hushuka katikati ya safari wakatembea.

— Makuta hakuna, nabaambia mbele, akasema Depo. Siwezi kununua kabati, hata kamba siwezi. Munisaidie na akili tu.

— Kupanga nyumba ni sayansi, akasema Godefroid, huku akiweka sawa kofia ya reli. Haba na haba hujaza kibaba.

— Njo kimejaa, Shefu. Njo shida yenyewe.

Godefroid ni Shefu de Gare, mkuu wa stesheni. Aliyefanya kazi reli ni baba yake; yeye alirithi kofia.

Anaclet akasimamisha cherehani. Suruali ya mtu ikabaki na mguu mmoja.

— Muache fundi aseme. Depo, chukua magunia ya unga, ushone mifuko, utundike ku ukuta. Chini ni ya mwenye parcelle, mwenye kiwanja, unalipia. Juu ni ya Mungu, haulipii kitu.

— Na ile masini ya kushona yenye kuvunjika, nayo naitundika?

Anaclet akakohoa.

— Ile usiiguse. Masini ya zamani inaleta heshima mu nyumba. Mugeni akiiona, anajua hapa bantu banatumika kazi.

— Haina gurudumu.

— Heshima haina gurudumu.

— Bure kabisa, akasema Shefu de Gare. Ukuta wa Depo ukitundikwa misumari, utaanguka. Sikiliza. Inua kitanda. Tia matofali kila mguu. Bintu byote chini, mama buko juu.

— Matofali mangapi?

— Mupaka bintu biingie.

— Frigo peke yake inanifika hapa, ku kifua.

— Basi kitanda kinapita kifua.

— Na Mama Chisanga atapanda na nini?

— Muntu wa Kasenga anapanda mashua kila siku, atashindwa kitanda?

— Si tutoe frigo, Shefu? Tangu umeme uiunguze haijagandisha hata maji.

— Frigo haitupwi, akasema Shefu de Gare, haraka isiyo ya umri wake. Frigo yenye kufa ni kabati. Panya haingii.

— Iko na panya ndani.

— Basi anaingia lakini hatoki. Faida ni ile ile.

Mama Sephora akamjazia kawa, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawa ilivyohitaji.

— Muendelee, akasema. Miye nasikiliza tu.

Vitesse alikuwa akimenya karanga moja tangu mazungumzo yaanze. Sasa akaitupa mdomoni.

— Munatafuta fasi ku ukuta, munatafuta juu. Tuko wapi hapa? Si Katanga? Bantu bote banachimba juu ya kutoa. Depo achimbe juu ya kuingiza.

— Nichimbe mu chumba?

— Shimo kubwa. Unashusha bintu byote, unafunika na mbao, unatandika mukeka. Na ukikuta jiwe la kijani la shaba mule, unauza, unanunua nyumba ya pili kule Hewa Bora.

— Nyumba ya pili ya nini?

— Ya kuweka bintu.

Ilibidi tukiri kwamba hoja ilikuwa na mwanzo na mwisho.

— Na nani atachimba? akauliza Depo. Miye niko na mukono mumoja wenye kuuma.

— Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Mama Chisanga atakusaidia.

Shefu de Gare akavua kofia. Kumpa mama buko jembe! Hata cherehani ilionekana kuona haya.

— Njo maana hauna muke, Vitesse, akasema Anaclet.

— Shimo hapana, akasema Depo. Nitatoa yale matairi ya teksi. Hata hewa hayashiki tena.

Vitesse akaweka kikombe chini.

— Tairi ni kiti, ndugu yangu. Unapanga mbili, unaweka ubao, unapata salo ya bageni. Unataka kutupa salo?

— Basi nitoe nini? Muniambie. Nitoe nini?

Wote watatu wakafikiri kwa uaminifu.

— Kitanda, akasema Anaclet.

— Kweli, akasema Shefu de Gare. Kinakula fasi nyingi, na muchana hakifanyi kitu.

Harufu ya samaki wakavu ndiyo iliyotuonya. Pusi-pusi, mkokoteni wa kusukumwa, ulikata kona umejaa vikapu, na nyuma yake alitembea mama mfupi mwenye kitenge cha kijani na viatu mkononi. Depo alimwona, akageukia ukuta, akainamia tangazo la maombi ya mwaka jana kama aliyeitwa kuhudhuria. Mama Chisanga naye, alipotambua mgongo ule, akageuza uso upande wa pili, kama inavyopasa. Akaingia kwa Wivine. Tukasikia vigelegele vya mtu mmoja, kisha kilio cha mtoto, kisha mlango ukisukumwa mara nyingi kwa bega.

Akarudi. Akasimama upande upande mbele ya benchi, maneno yake akiyapeleka kwa Mama Sephora.

— Mama, miye ni mugeni. Muniambie. Mule mu chumba iko frigo, iko masini, iko matairi. Ni bya nani?

Vikombe vitatu vikapanda midomoni kwa pamoja.

Jibu lilikuwa fupi na liliketi pale pale likinywa kawa. Kila mmoja wa wale watatu alikuwa amefika kwa Depo na sentensi ile ile: nikuachie hiki, wiki kesho nakuja. Kwetu, kitu ulichoachiwa hukitoi nje, wala humwambii mwenyewe akichukue. Ukimwambia, umemfukuza yeye. Anakuja mwenyewe, au haji. Kwa hiyo Depo alikuwa amefungwa na amana mdomoni na buko mgongoni, na wale watatu walijua kwamba atakayesema "changu" atakibeba hadi kwake, ambako kilishafukuzwa.

— Shefu, akasema Mama Sephora polepole. Anaclet. Vitesse. Mugeni ameuliza.

— Swali ni nzuri, akasema Shefu de Gare.

— Ni bintu bya mutaa, akasema Anaclet.

Vitesse akanyoosha kikombe kuomba kawa. Mama Sephora akapindua termosi. Halikutoka hata tone.

— Basi habina mwenyewe, akasema Mama Chisanga.

Akamgeukia baba wa pusi-pusi, aliyekuwa anamaliza kushusha vikapu.

— Baba, unarudia tupu? Pakia. Byote ni byako.

Yule baba hakuuliza mara mbili. Ilitoka frigo kwanza, ikaacha panya mlangoni. Shefu de Gare akaisindikiza kwa macho, kofia kifuani. Ikafuata masini, na Anaclet akawa na kazi kubwa ya kuchunguza mshono wa shati lake mwenyewe. Mwisho matairi yakarushwa juu. Pusi-pusi ukaondoka ukilia kwa uzito, ukakata kona.

Ndipo Vitesse akasimama, akavua kandambili, akakimbia kuyafuata matairi. Alikimbia vizuri, magoti juu, vumbi nyuma. Abiria wake wangelia kwa uchungu.

Depo alikuwa bado anasoma tangazo, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Katika chumba cha nyuma ufagio ulianza, ukaisha. Kisha tukasikia mlango ule ukifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.