Chai Hadi Ukingoni

Ndani ya basi la jijini Chengdu, Uchina, Peizhen alikuwa amepakata vitunguu vyake huku masikio ameyatega kwenye kiti cha mbele. Mzee mmoja alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye kwamba ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, na anatoka kwa mganga kuchomwa sindano za tiba ya jadi. Akavua kofia. Sindano zilikuwa bado zimesimama utosini, nyembamba kama nywele za nguruwe.

"Mke wangu ndiye hunichomolea jioni," alisema.

"Ni vidonge vinavyokusaidia, mzee. Hao wanakutoboa kichwa bure."

"Vidonge nameza, sijaacha. Lakini asubuhi hata kifungo cha shati kilinishinda."

"Maneno hayo. Hebu tuone."

Mama akainua chupa yake ya chai kwa mkono wa kushoto, akamjazia mzee kikombe cha chai mpaka ukingoni. Peizhen aliona haya kwa niaba ya mama huyo: kwao mtu humiminiwa chai ikabaki nafasi, kumjazia hivyo ni kumwambia aondoke. Mzee hakununa. Basi likapita kwenye mashimo, vitunguu vikaruka, lakini mkono wa mzee ulitulia tuli, wala tone halikudondoka. Abiria waliosimama waligeuka kutazama.

"Sisemi nimepona," mzee akasema taratibu. "Kesho huenda mkono ukatetemeka tena. Leo umetulia. Haya, pokea."

Mama akautoa mkono wa kulia mfukoni, alimouficha tangu apande. Kabla haujakifikia kikombe ulikuwa ukitetemeka.

Basi likasimama, milango ikafunguka, na hakuna aliyeshuka.