Rifet Lihovac ni Nani?

Benchi lenyewe liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Shangazi, mjini Zenica, na mtu akiketi pale anaona kila kinachostahili kuonwa: kituo cha basi la Sarajevo, bomba la moshi la kiwanda cha chuma, na mti unaobandikwa matangazo ya vifo. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, ukategemezwa kwa kipande cha reli, maana wenye benchi wamekosa mengi maishani, lakini chuma hawajawahi kukosa. Na pale hakuna anayeitwa kwa jina lake. Bubu anaitwa Bubu kwa sababu tangu mwaka sabini na nne hajanyamaza. Profesa alikuwa mchochea tanuri la shule ya msingi, na husema wasomi wote wa mji huu ni yeye aliyewapasha moto. Shangazi ni shangazi wa kila mtu, hata wa wanaomzidi umri. Naye Skrubu, mwenye hadithi hii, alipokuwa kijana kiwandani alimeza skrubu kwa kubishana, mbele ya mashahidi ishirini, na kesho yake akafika zamu kama kawaida. Skrubu haikuonekana tena. Jina ndilo lililobaki.

Alhamisi ile Skrubu alichelewa makusudi. Alikuwa amenunua gazeti alfajiri, akalisoma amesimama jikoni, akalisoma tena ameketi, kisha akanyoa ndevu mara mbili. Walikuwa wametangazwa walioteuliwa kuwania Daraja la Fedha, tuzo kubwa za filamu za kila mwaka, na kwenye orodha ya Mwigizaji Msaidizi Bora jina la tatu lilikuwa Rifet Lihovac. Jina lake yeye. Lile alilopewa na baba, lililoko kwenye kitambulisho, na ambalo hakuna mdomo uliolitamka tangu Mevla mkewe alipofariki, miaka mitatu sasa. Akavaa shati jeupe, akashuka ngazi polepole ili wenzake wapate muda wa kulisoma. Alitaka akifika tu, wainuke.

Na kweli, aliwakuta wameinuka.

— Skrubu, ndugu yangu, wamekuua! Bubu alipiga kelele hata njiwa wa kituo cha basi wakaruka. Wamekuzika mchana kweupe! Keti. Usikae karibu na ukingo. Shangazi, mpe maji!

— Kuna nini?

— Orodha imetoka na wewe humo haumo! Nimeisoma kwa miwani yangu, nimeisoma kwa miwani ya Shangazi. Watano! Na katika watano hao, hakuna Skrubu!

Skrubu akafungua mdomo amwambie. Akaufunga. Alimtazama Bubu, mtu waliyekaa naye benchi moja miaka thelathini na minane, akajiambia: hebu ngoja kidogo. Watakumbuka wenyewe.

— Labda mmesoma vibaya, akasema.

— Nisome vibaya mimi? Profesa akalikunjua gazeti. Sikiliza. Wa kwanza, wa Sarajevo. Wa pili, wa Sarajevo. Wa nne, wa Mostar. Wa tano sijui wa wapi lakini ana macho ya Sarajevo. Na huyu wa tatu, Rifet Lihovac, filamu ya "Moshi wa Jumanne". Filamu yako! Filamu yetu! Sasa naomba niulize, katika "Moshi wa Jumanne" kuna mwanamume gani mwingine aliyecheza, zaidi yako wewe?

— Yule mwembamba aliyepita na farasi, Shangazi akasema akiweka mdila wa kahawa mezani.

— Yule alipita tu!

— Alipita vizuri.

— Shangazi, kwa heshima zote, farasi ndiye aliyecheza. Yule alishika kamba.

Kahawa ya pale hainywewi mbio. Kipande cha sukari huchovywa kwenye finjani, kikawekwa chini ya ulimi, ndipo kahawa ipite juu yake kama mto juu ya jiwe. Ni hivyo alivyokuwa akinywa Skrubu mwaka juzi, akipuliza finjani tupu kwa mazoea, wakati Nedžla, msichana anayeongoza filamu, alipokuja kuomba kiberiti, akamwona, akakisahau kiberiti. Alimpa nafasi ya mlinzi ambaye kiwanda chake kimefungwa, lakini kila asubuhi anakwenda kufungua lango. Dakika kumi na moja. Mji wote ulijaa ukumbini kumwona, na Bubu alilia mpaka akaazima leso ya Profesa na kuirudisha imelowa. Lakini majina yalipoanza kupanda kwenye kioo, mji huohuo wote ulikuwa tayari nje unavuta sigara. Nani hukaa kusoma majina?

— Mimi nimeshaelewa, Bubu akasema. Huyu Lihovac ni mkwe wa mtu. Kuna mzee kwenye kamati ana binti, binti ana mume, mume hana kazi. Wakasema: tumpe nini? Mpeni kazi ya Skrubu!

— Nyani haoni kundule! Profesa akapiga meza.

Wakamgeukia.

— Hiyo inaingiaje hapo? Shangazi akauliza.

— Ni methali.

— Najua ni methali. Nauliza imefuata nini hapa.

— Ipeni muda. Methali ni kama kiatu kipya, ukishakivaa kinajikalia mahali pake. Sasa nisikilizeni mimi niliyesoma mambo. Huyu Lihovac si mkwe wa mtu. Huyu hayupo.

— Hayupo vipi na kaandikwa?

— Ndiyo ujanja wenyewe, jirani! Wanaandika mtu asiyekuwepo, akishinda hatokei, tuzo inabaki kabatini kwao. Mwaka ujao wanaipiga brashi, wanaitoa tena. Daraja moja la fedha linatumika miaka kumi!

Skrubu akameza kahawa ikampalia. Bubu akampiga mgongoni.

— Pole, kaka. Ni uchungu huo, utoe.

— Na uso je? Shangazi akauliza. Hapa wameweka na picha. Ndogo, na wino umemwagika, lakini kuna uso.

Wote wakainama juu ya picha. Skrubu alijikuta amenyoosha shingo na kugeuza kichwa upande, vilevile kama alivyokaa kwenye picha, akatulia hivyo kama anayepimwa kofia.

— Uso wa mwizi, Bubu akatoa hukumu. Tazama masikio. Mtu mwenye masikio namna hii hajawahi kukaa benchi na watu waungwana.

— Mimi namwona kafanana na mtu, Shangazi akasema taratibu.

Skrubu akazidi kunyoosha shingo.

— Na nani, Shangazi?

— Na yule kinyozi wa Kakanj aliyemkimbia mkewe.

— Basi! Profesa akasema. Kompyuta! Siku hizi wanachukua kichwa cha Skrubu, wanatia masikio ya kinyozi, wanabandika jina la hewani, na wewe mwenyewe ukijiona barabarani unajiamkia!

— Kwa nini wasiniandike mimi tu? Skrubu akauliza.

— Kwa sababu wewe ni wa Zenica! Bubu akasimama kabisa. Tangu tuzo hizi zianze, Sarajevo wamechukua, Mostar wamechukua, Tuzla walichukua hata ya vipodozi! Sisi tumepeleka nini? Moshi! Sasa tumepata mtu wetu, mtu aliyefungua lile lango kwa namna ambayo mimi, niliyefungua lango lilelile miaka ishirini, nilisema moyoni, kumbe ndivyo lilivyofunguliwa! Na wao wanatuletea Lihovac! Hapana, bwana. Mwenye njaa hatazami nyuma!

— Hiyo umeitunga sasa hivi, Shangazi akasema.

— Nimeitunga, lakini ni kweli.

Skrubu alitazama kando, kwenye mti wa matangazo ya vifo. Macho yalimwasha, na hakutaka kujua kama ni kwa hasira au kwa kitu kingine. Hakuna mtu aliyewahi kumpigania namna ile. Na waliyekuwa wakimpiga ni yeye mwenyewe.

— Gazeti limekosea jambo moja, Profesa akasema, akifuata macho yake. Lingeiga lile tangazo pale mtini. Jina, halafu chini yake, kwenye mabano, jina la utani. Alipokufa Sufuria, kama si mabano nani angejua kwamba marehemu Ćamil ndiye Sufuria? Angezikwa na imamu peke yake.

— Kwa hiyo mtu ajulikane jina lake mpaka afe? Skrubu akauliza, na sauti yake ilikuwa na ukali kidogo.

— Akiwa hai wa nini? Akiwa hai, si tunamwita tu?

Hapo ndipo ukaidi ulipompanda Skrubu. Na ukaidi wa watu wa kule si wa kuazima, hunyonywa pamoja na maziwa ya mama. Akaapa moyoni: sisemi. Hata nikishinda, sisemi. Mpaka mmoja wao alitamke jina hilo akiwa ananitazama mimi.

— Tumeshaandika barua kwa kamati, Bubu akasema, akatoa karatasi mfukoni. Sikiliza, ina lugha. "Sisi tuliotia saini hapa chini, raia na wanywaji kahawa, tunadai jina la huyo Rifet Lihovac lifutwe mara moja, na mahali pake liandikwe la Skrubu, wa Zenica, ambaye ndiye haswa." Umeona hapo, "ambaye ndiye haswa"? Hiyo ya Shangazi.

Chini palikuwa na saini tatu: Bubu. Profesa. Shangazi.

— Na huyo Skrubu mnayemtaka, Skrubu akauliza kwa upole wa kutisha, jina lake hasa ni nani?

— Skrubu!

— La kwenye kitambulisho.

— Yaani jina lako unaniuliza mimi? Bubu akacheka. Saini, kaka. Mwenye msiba ndiye huanza kulia. Basi la saa tano linaondoka na barua.

Skrubu akachukua kalamu. Kama ukaidi ungekuwa chuma, Zenica isingefunga tanuri hata moja. Akaiweka ncha kwenye karatasi, tayari kujifuta mwenyewe kwa mkono wake.

— Salama wazee, sauti ikasema. Rifet Lihovac ni nani hapa?

Alikuwa mpeleka barua mpya, Senada, aliyehamishwa kutoka Tuzla wiki ile. Yule wa zamani aligawa barua kwa majina ya utani miaka yote, akastaafu nayo kichwani.

— Na wewe kakutuma? Bubu akafoka.

— Nani kanituma? Nina barua ya kutiwa saini. Nimegonga namba kumi na nne, ghorofa ya tatu. Jirani kaniambia mwenyewe yuko benchini.

— Namba kumi na nne, ghorofa ya... Bubu akashika kifua. Skrubu! Mwizi ameingia mpaka nyumbani kwako!

Skrubu akaitua kalamu. Akatoa pochi, akatoa kitambulisho, akakiweka mezani kati ya mdila na sukari.

Shangazi alikisoma. Profesa alikisoma. Bubu alikisoma kwa miwani yake, kisha kwa miwani ya Shangazi. Basi la Sarajevo lilikuja, likasimama, likaondoka.

— Rifet? Bubu akasema hatimaye, akiwa anamtazama yeye.

— Naam, Skrubu akaitika.

Basi, benchi lile lililipuka! Bubu alimkumbatia na finjani yake mkononi, shati jeupe likanywa kahawa. Shangazi alilia kwa aproni, akaleta sahani nzima ya halua ya waridi, ile ya Idi. Profesa alisimama juu ya benchi na kuwatangazia abiria kituoni kwamba hapa, hapa hasa, ndipo anapoketi Rifet Lihovac, mteule wa Daraja la Fedha, na kwamba benchi haliuzwi.

— Si ulisema ni mwizi? Skrubu akamuuliza Bubu.

— Mwizi wa nyoyo! Hukunisubiri nimalize!

— Na masikio?

— Masikio ya kifalme. Nilisema hayajawahi kukaa na waungwana. Ni kweli, yamekaa na sisi!

Karatasi ya malalamiko Bubu aliikunja, akaiingiza chini ya reli ya mguu mfupi wa benchi, na kwa mara ya kwanza benchi likaacha kuyumba.

Senada alikuwa bado amesimama, mfuko begani; barua Skrubu alishampa aifungue.

— Hongera sana, baba. Ila ndani kuna fomu, na kamati inaitaka leo, nirudi nayo. Unaruhusiwa wageni watatu meza ya mbele.

— Wageni wangu hawa hapa, Skrubu akasema, akifungua mikono yote miwili kama yule mlinzi kwenye filamu anapofungua lango. Na dunia yote iwaone!

Bubu akafunga kifungo cha koti. Profesa akashuka benchini. Shangazi akajipanga nywele.

— Vizuri. Nasoma: "majina kamili, kama yalivyo kwenye vitambulisho." Senada akabofya kalamu. Haya, baba Rifet. Wa kwanza ni nani?

Skrubu akamtazama Bubu. Alilibeba jeneza la mama yake Bubu. Akamtazama Shangazi, ambaye majira yote ya baridi ya vita alimnywesha supu ya majani yawashayo kutoka sufuria moja na watoto wake. Akamtazama Profesa.

— Andika, akasema. Andika Bu... Akanyamaza.

Bubu naye alikuwa kimya, kifua mbele, akisubiri kuitwa. Mara ya kwanza tangu mwaka sabini na nne.

— Wa kwanza, Senada akarudia. Jina?

Profesa akauinua mdila, akauinamisha juu ya finjani, yakatoka machicha tu.

— Si niliwaambia, akasema, methali ipeni muda?