Virginia Gakii, Aliyeichagua Bunduki Mbaya

Tarehe 30 Aprili mwaka huu, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Bi. Virginia Gakii, Mkuu wa Kitengo cha Uhakiki, anastaafu rasmi katika jumba letu la silaha za kale hapa Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Wengi wetu tunamwita Mama Melissa. Wauzaji wa silaha za bandia wana majina yao ya kumwita, ambayo hayafai kuchapishwa katika jarida hili.

Alizaliwa Nkubu, Meru, akawa fundi wa ghala la silaha katika polisi ya Kenya kabla ya kuja Doha. Alianza kwa kusafisha majambia, akapanda cheo hadi ikawa hakuna kinachonunuliwa bila neno lake. Tulioajiriwa kutoka Tanga tulijaribu kumrekebisha Kiswahili chake. Tulishindwa, na sasa sisi ndio tunaongea kama watu wa Meru.

Lakini wasifu wake hauwezi kuandikwa bila kisa cha bunduki ya marisau.

Mfanyabiashara mmoja alileta mbili, zote za kijeshi kwa maelezo yake, za aina iliyotumika kwenye mahandaki zaidi ya miaka mia iliyopita: bati lenye matundu juu ya mtutu ili askari asiungue mkono, na mahali pa kufunga singe. Moja iling'aa kama bwana harusi. Ya pili ilikuwa na kitako kilichopasuka na kuungwa. Mkurugenzi wetu, Bwana Abdulrahman, aliipenda ile ya kwanza papo hapo, na kabla hajalipa akawa ameshaalika wageni kwenye majlisi, ukumbi wake wa kupokelea wageni, waje kuiona Alhamisi. Kwa desturi za hapa, neno likishatoka kwa mwenyeji, limetoka.

Mama Melissa akaomba zifunguliwe. Muuzaji akanuna, yeye akasema bunduki isiyofunguliwa hainunuliwi. Chini ya bati la ile nzuri, mikato ya skrubu kwenye mtutu ilikuwa mipya kabisa, na mhuri wa jeshi ulikuwa umegongwa juu ya rangi ukaichubua. Ilikuwa bunduki ya kuwindia ndege, imevalishwa sare. Kwenye ile mbaya, rangi ya kale ilikuwa imeingia hadi ndani ya herufi za mhuri, na mikato ilikuwa imechakaa sawasawa na skrubu zake.

Mkurugenzi alikasirika. Mkataba wa Mama Melissa ulikuwa unaisha mwezi ule, na bila mkataba hakuna kibali cha kukaa. Melissa naye alikuwa kidato cha mwisho katika shule ya hapa Doha. Tulimkonyeza anyamaze. Hakunyamaza.

"Bosi, nunua hii mbaya," alisema. "Nikiwa nimekosea, usiusaini mkataba wangu."

Akainunua, kwa shingo upande.

Alhamisi wageni waliiona wakacheka. Sisi tulikuwa nyuma ya mlango, Mama Melissa akisali Kimethodisti, mimi na Suleimani wa stoo tukisoma dua kimya kimya. Kisha mgeni mmoja mzee, mkusanyaji wa silaha anayeheshimika mjini, akaomba tochi na miwani. Aliikagua mpaka kahawa yake ikapoa. Alipoinua kichwa, akaomba auziwe.

Bwana Abdulrahman alikataa kuiuza. Akaagiza mkataba uletwe pale pale, akausaini juu ya trei ya kahawa mbele ya wageni wote, na kumtambulisha Mama Melissa kwao kwa jina lake kamili. Furaha tuliyokuwa nayo siku ile sijaipata tena kazini, na simung'unyi maneno kusema hivyo. Tangu hapo sheria ya jumba ni moja: kwanza kufungua, kisha kununua, wageni baadaye.

Melissa alimaliza shule. Leo ni muuguzi, na kwenye sherehe atakaa mstari wa mbele na sare yake, maana atakuwa anatoka zamu. Apigiwe makofi naye.

Mama Melissa, asante kwa jicho lako na kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya, mvua za kutosha na maisha mema Nkubu. Huko utakaa upendavyo, bila kusainiwa na mtu.