Sekunde Hamsini

Saa nne asubuhi king'ora cha tetemeko kililia juu ya nguzo ya barabarani, na mtaa wetu hapa Jiji la Mexico ukamwagika nje na mataulo na mbwa wake. Ardhi ikatikisika kidogo tu, ikaacha. Nusu saa baadaye tulikuwa benchini kwa Doña Chela, muuza kahawa, tukilijadili tetemeko kama vile sisi ndio tuliolituma.

— Kile king'ora kinatabiri, alisema Profe, aliyefundisha mazoezi ya viungo miaka thelathini na tangu hapo anajua kila kitu. Wakubwa wanajua tangu juzi, wanatuficha.

— Hakitabiri, nikamwambia. Ardhi ikitikisika kule pwani, mitambo ya huko inatuma habari kwa redio. Redio inakimbia kuliko tetemeko. Sisi tunapata sekunde hamsini.

— Na watu wa pwani? Profe akauliza.

— Wao ndio wako juu yake. Huenda wasipate hata moja.

— Si unaona? Upendeleo! alidakia Tuerca, fundi magari. Mimi nawaambia, nguzo ile ndiyo inayotikisa ardhi. Ing'olewe tulale!

— Wewe ulitoka na nini? Doña Chela akamuuliza.

— Televisheni.

— Na mkeo?

— Mke wangu ana miguu. Televisheni inayo?

Tulicheka mpaka kahawa ikatupalia.

— Mimi nilishuka taratibu, Profe akasema. Haraka haraka haina baraka.

— Na ule ufa wa ngazini kwenu? nikamuuliza.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi nausubiri ukuta mpya.

Hapo akaja msichana mwenye sare ya duka la dawa, anahema.

— Samahanini wazee. Naitwa Nayeli, tumehamia juzi jengo la Profe, ghorofa ya tatu. Nilikuwa kazini. Nimemkuta baba kitandani, plasta ya dari imemwangukia miguuni. Hajaumia sana. Lakini nani alikwenda kumtoa?

Tuerca alitazama viatu vyake. Mimi nikatazama vya Tuerca.

— Nilipita mlangoni kwenu, Profe akasema. Nikapiga kelele, tokeni nyote! Mtaa mzima ulinisikia.

— Baba yangu ni kiziwi, mwalimu.

Doña Chela alizima jiko. Profe akaweka kikombe chini.

— Mwanangu, akasema, una ufunguo wa akiba wa kuniachia?