Fundi Mbula na Gari la Kanisa: Risala ya Mafundi wa Kasikeu

Mgeni rasmi, Mchungaji Muindi, pamoja na wazazi na wateja wetu, karibuni kwenye kibanda chetu kipya. Sisi mafundi wa umeme wa magari tumefurahi sana kukuona, maana hujakanyaga hapa tangu binti yako Mbula aache kozi ya uuguzi aje kujifunza kazi hii.

TULIKOTOKA

Tulianzia chini ya turubai lililochanika. Mbula alipokuja tulidhani atachoka kabla wiki haijaisha. Leo yeye ndiye anayetufundisha.

TUNACHOJIVUNIA

Mchungaji, unakumbuka gari la kanisa lilipozima pale Malili, kwaya ikielekea Kiboko. Tuliitwa, wakaja Mbula na Mulinge, huyu anayewasomea risala.

"Betri ni mpya," ulisema. "Hata ile ya kwanza ilikuwa mpya."

"Baba, betri ni mtungi tu," Mbula akajibu. "Alteneta ndiyo inaujaza."

Akakuonyesha. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha alteneta, na sumaku ya ndani ikizunguka kati ya nyaya, umeme unapatikana. Mkanda ukilegea, waya ukishika kutu, au zile kaboni zinazopeleka umeme kwenye sumaku zikiisha, gari hula akiba ya betri mpaka linazima. Mkanda wako ulikuwa mzima. Kaboni ndizo zilikuwa zimeliwa na vumbi. Mbula akaweka nyingine, gari likasukumwa, injini ikanguruma, taa nyekundu ya betri ikazimika. Kwaya ikaanza kuimba hata kabla ya kupanda.

CHANGAMOTO

Vumbi ni jingi, na mashine ya kupimia alteneta hatuna. Hayo tunayavumilia. Kilichotuuma ni kwamba ulimpa Mulinge mkono ukasema, "Asante sana, fundi." Mulinge alikuwa ameshika spana tu. Mbula alifunga boneti, akakuambia uende salama. Tuliporudi hapa akasema, "Baba amekonda."

OMBI

Mashine hatuombi leo. Tunajua unampenda binti yako, mama yake ametuambia unaulizia habari zake kila jioni. Mbula yuko pale nyuma na ovaroli yake, tulimkataza kubadilisha. Utakapokata utepe, Mchungaji, tunaomba umwite "fundi", aje mshike mkasi pamoja.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na akulete hapa tena hata siku ambayo gari halijaharibika.

Ni sisi wanao,
Kikundi cha Mafundi wa Umeme wa Magari, Kasikeu